Paul Campbell, Mtunzi Asiyewahi Kuzaliwa

Katika biashara ya nyimbo, mirabaha humfuata aliyeandikwa kwenye hati, awe ametunga au hakutunga. Solomon Linda, Mzulu aliyekuwa akifungasha santuri kwa kampuni ya Gallo mjini Johannesburg, alirekodi "Mbube" mwaka 1939 na kundi lake la Evening Birds, kisha akauza haki zake kwa shilingi 10. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 The Weavers wa Marekani waliurekodi upya kwa jina la "Wimoweh", na penye jina la mtunzi pakaandikwa Paul Campbell. Campbell huyo hakuwahi kuzaliwa. Lilikuwa jina la kubuni, walilolitumia kujipatia mirabaha ya nyimbo za asili zisizo na mwenyewe. Mwaka 1961 The Tokens wakauimba kwa maneno mapya ya Kiingereza na kushika namba moja Marekani. Mwaka uliofuata Linda akafa maskini. Disney nao wakauingiza kwenye filamu ya The Lion King, 1994.

Wapo watakaosema biashara ni mapatano: Linda aliuza mwenyewe, na bila mitaji ya Wamarekani wimbo usingevuka bahari. Nusu ya hoja hiyo ni ya haki, maana kutunga maneno mapya ni kazi, na kazi hulipwa. Nusu ya pili inaangushwa na sheria yenyewe. Sheria ya hakimiliki ya Uingereza ya 1911, iliyotawala hata Afrika Kusini, ilizirudisha kwa warithi haki zilizouzwa, miaka 25 baada ya kifo cha mtunzi. Kwa hesabu ya mawakili wa familia, haki za "Mbube" zilirudi 1987, miaka 7 kabla ya filamu. Walishtaki mwaka 2004, na 2006 Abilene Music, iliyokuwa ikiumiliki wimbo, ikakubali kuwalipa warithi.

Pingamizi lililo gumu zaidi linatoka kwetu: kwamba nyimbo za Kiafrika ni mali ya jamii, na kumtafuta mwenyewe ni ugeni. Ni kauli tamu, ila jina la Campbell lilitengenezewa nyimbo za namna hiyo hiyo. Tazama "Malaika". Fadhili William wa Kenya aliurekodi mwanzoni mwa miaka ya 1960, Miriam Makeba akautembeza duniani, Boney M wakautoa 1981. Wakati huo huo Adam Salim alidai ni wake, na wengine wakamtaja Lucas Tututu wa Mombasa. Warithi wa Linda walikuwa na cha kushika mahakamani, kwani hakuna aliyebisha kwamba rekodi ya 1939 ni ya baba yao. Kwa "Malaika", kila anayedai analeta kumbukumbu yake, na mchapishaji wa Ulaya anayetaka kulipa kwa nia njema hajui hundi aiandike kwa jina la nani.