Mkaa na Maji Taka (2): Mstari Ulionyooka Si Ushahidi

Wiki iliyopita tulieleza jinsi mkaa unavyonasa rangi ya maji taka juu ya uso wake. Leo tunaingia kwenye milinganyo, maana hapa ndipo tafiti nyingi nzuri zinapoharibikia.

Mtafiti hutia mkaa wa vifuu vya nazi kwenye maji yenye rangi, akachota sampuli kila baada ya muda. Kisha hugawanya muda kwa kiasi kilichonaswa na kuchora grafu ya jibu hilo dhidi ya muda wenyewe, kwa kufuata mlinganyo wa daraja la pili ulioenezwa na Ho na McKay mwishoni mwa miaka ya 1990. Nukta zinapangana, R² (kipimo cha jinsi nukta zinavyokaribia mstari) inafika 0.999, naye anatangaza kwamba rangi imeungana na mkaa kikemia.

Hebu tutazame namba. Tuseme mkaa ulishashiba kufikia dakika ya 60, kila gramu ikiwa imenasa miligramu 20. Kwa dakika za 60, 120, 180 na 240, ukigawanya unapata 3, 6, 9 na 12. Mstari umenyooka kabisa, ilhali nukta zote nne zimechukuliwa kazi ikiwa imekwisha! Muda uko pande zote mbili za grafu. Unalinganishwa na nafsi yake. Habari za kasi ziko kwenye dakika za mwanzo, ambazo wengi huziachia sampuli mbili tu.

Mkemia Langmuir, ambaye mlinganyo wake huhusisha kiasi kinachonaswa na ukolezi uliobaki majini, naye husingiziwa mengi. Makala yake ya 1918 ilihusu gesi kwenye nyuso bapa za kioo, maika na platini. Mlinganyo wake maarufu huchukulia kwamba nafasi zote zina nguvu sawa na kwamba kinachonaswa hukaa tabaka moja. Mkaa wa vifuu una vinyweleo vya kila ukubwa, hivyo data kuafikiana na mlinganyo huo hakuthibitishi tabaka moja. Tena, anayeunyoosha kwa kutumia 1/C (C ikiwa ni ukolezi) huupa uzito mkubwa kuliko wote ukolezi mdogo kabisa, ambao ndio mgumu kupima.

Basi linganisha mkunjo wenyewe na data ghafi. Hata Excel inaweza. Chota sampuli nyingi mapema. Na tafadhali, jaribu maji taka halisi ya kiwandani, yenye chumvi na sabuni zinazogombea nafasi zilezile, kwa sababu mhandisi atatumia namba yako kuamua ukubwa wa tangi la kuchujia.