Volyumu ya US500 Kwenye Simu Yako Si Volyumu ya Soko

"Volyumu imepanda kwenye sapoti, ninunue?" Swali hili halikomi katika makundi ya wanaofanya biashara ya fahirisi kwa simu, Nairobi kama Dar es Salaam. Huja na picha ya chati: bei ya US500 imegusa mstari wa sapoti, yaani kiwango ambapo bei hutarajiwa kuacha kushuka, na chini yake kimesimama kijiti kirefu cha kijani. Muulizaji ana jibu lake tayari. Amefundishwa kwamba kijiti kikirefuka kwenye sapoti, "wakubwa" wameingia kununua.

Kijiti kile hakina namna yoyote ya kulijua hilo.

US500 ni jina ambalo mabroka wengi wameupa mkataba wa tofauti ya bei unaofuata S&P 500. Fahirisi yenyewe ni hesabu inayotokana na bei za hisa za kampuni kubwa zipatazo 500 za Marekani. Mwenye mkataba huo hamiliki hisa hata moja, wala agizo lake haliandikwi katika soko la New York au Chicago. Amefunga mkataba na broka wake, basi. Kwa kuwa hakuna soko moja ambamo mikataba yote ya namna hiyo hupita, hakuna jumla ya kutangazwa. Programu kama MetaTrader huziba pengo hilo kwa kuhesabu tiki, yaani mara ngapi bei imebadilika kwenye seva ya broka huyo ndani ya mshumaa mmoja. Ni sawa na kuhesabu mara ambazo muuzaji mmoja wa Kariakoo amefuta na kuandika upya bei ya mchele wake, kisha kudai kwamba umejua magunia yaliyouzwa soko zima. Fungua akaunti kwa mabroka wawili, tazama dakika ileile, utakuta volyumu mbili.

Na ile rangi? Katika kiashiria cha volyumu cha MetaTrader, kijani humaanisha kwamba kijiti kimezidi kile kilichotangulia. Nyekundu humaanisha kimepungua. Wanunuzi hawamo katika hesabu hiyo, wala wauzaji. Bei inaweza kuporomoka huku vijiti vyote vikiwa vya kijani, na bado kuna watu wanaolipisha ada kufundisha kwamba kijani ni ishara ya kununua.

Watetezi wa volyumu ya tiki husema tiki huongezeka soko linapochangamka. Ni kweli. Lakini soko la hisa la New York hufunguliwa saa kumi na nusu jioni kwa saa za Afrika Mashariki, au saa kumi na moja na nusu majira ya baridi ya Marekani, na huchangamka kila siku saa hiyo. Sapoti yoyote itakayoguswa wakati huo itapata kijiti kirefu, iwe itashika au itavunjika.

Hata volyumu halisi haina upande, kwa sababu kila hisa iliyouzwa imenunuliwa na mtu. Machi 2020 ilionyesha gharama ya kulisahau jambo hili. Tarehe 24 Desemba 2018, S&P 500 ilifunga kwenye 2,351.10 kisha ikageuka kupanda, na wachora chati wakaiweka sapoti hapo. Ijumaa ya tarehe 20 Machi 2020, katikati ya hofu ya korona, ilifunga kwenye 2,304.92, chini ya mstari, kwa volyumu kubwa mno. Kwa kanuni inayofundishwa kila mahali, sapoti ikivunjwa kwa volyumu kubwa, unauza. Lakini ile ilikuwa Ijumaa ya tatu ya Machi, siku ambayo mikataba ya robo mwaka ya fyucha na opsheni huisha muda, na volyumu hufurika hata pasipo hofu. Jumatatu fahirisi ilishuka hadi 2,237.40, siku ileile Benki Kuu ya Marekani ilipotangaza kununua hatifungani bila kikomo. Jumanne ilipanda zaidi ya asilimia 9 na kufunga kwenye 2,447.33. Mstari ulikuwa umerudiwa ndani ya siku mbili za soko. Kutoka kufunga kwa Ijumaa hadi kufunga kwa Jumanne ni pointi 142, na kwa mkataba wa fyucha wa E-mini, ambao kila pointi ni dola 50, aliyeuza na kungoja alikuwa na hasara inayozidi dola 7,000 kwa mkataba mmoja.

Anayetaka kutumia volyumu kwa dhati aichukue inakopatikana: mikataba ya E-mini ya soko la CME la Chicago, au mfuko wa SPY unaofuata fahirisi hiyohiyo, hata kama biashara yenyewe ataifanya kwa broka. Ailinganishe na saa ileile ya siku zilizopita, si na kijiti cha jirani. Atazame kalenda, kwa sababu Machi, Juni, Septemba na Desemba volyumu ya fyucha huvurugwa na watu wanaohamia mkataba mpya. Sapoti aichukue kama eneo lenye upana, angoje kufunga kwa siku, na bei ikirudi juu ya eneo hilo akubali kwamba uvunjaji umeshindikana. Kiwango cha hasara kiamuliwe kabla ya kuingia. Aliye Kenya ahakikishe broka ana leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji.

Tahadhari hizo zina sababu. Mwaka 2018 ESMA, mamlaka ya masoko ya Umoja wa Ulaya, ilieleza kwamba kati ya asilimia 74 na 89 ya akaunti za wateja wadogo wa mikataba ya tofauti ya bei hupoteza fedha, ikazuia mabroka kuwapa wateja hao zaidi ya mara 20 ya dhamana yao kwenye fahirisi kubwa. Ukipewa mara 500, mwendo wa asilimia 0.2 dhidi yako unaimaliza dhamana yote, na S&P 500 huenda umbali huo katika siku ya kawaida kabisa.