Sungusungu na Ulinzi wa Kaya Vijijini

Katika sehemu kubwa ya Tanzania vijijini, kazi ya kuzuia wezi wanaovunja nyumba huwa mikononi mwa wanakijiji wenyewe, kwa kuwa kituo cha polisi mara nyingi kiko mbali, barabara hupitika kwa shida wakati wa masika, na mwizi aliyetoka na mali usiku aghalabu huwa amekwisha kuvuka mpaka wa wilaya kabla hajapatikana askari wa kumfuatilia. Mfano mashuhuri wa ulinzi huo ni sungusungu, yaani jeshi la jadi lililoundwa na wakulima na wafugaji wa Kisukuma na Kinyamwezi mwanzoni mwa miaka ya 1980, katika eneo ambako wilaya za Kahama na Nzega zinapakana, na ambalo kwa muda mfupi lilienea katika mikoa ya Shinyanga, Tabora na Mwanza.

Chimbuko lake lilikuwa wizi wa ng'ombe na unyang'anyi wa majumbani, ambao ulizidi baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, wakati silaha za moto zilipozagaa, na wakati nguo, redio na baiskeli zilipoadimika madukani kiasi cha kumfanya mwenye navyo awindwe nyumbani kwake. Kila kijiji kilijichagulia viongozi wake, akiwamo mtemi, ambaye ndiye mkuu wa kikundi, pamoja na katibu na makamanda, na vijana wakajipatia pinde, mishale na filimbi. Hata hivyo, nguvu ya sungusungu haikutokana na mishale, kwa sababu mishale haimshindi mwenye bunduki, bali ilitokana na wajibu ambao hakuna mwanamume mzima aliyeruhusiwa kuukwepa. Uliposikika mwano, yaani yowe la hatari, kila kaya ilipaswa kutoa watu, ambao waligawanyika, wengine wakifuata nyayo na wengine wakiziba njia na vivuko vya mito, huku yowe likipokewa na kijiji jirani na kupelekwa mbele, hivi kwamba mwizi alijikuta akikimbilia kwa watu waliokwisha kupata habari zake. Aliyesikia yowe akabaki ndani alitozwa faini, na aliyerudia aliweza kutengwa, adhabu nzito kuliko faini, kwa maana mtu aliyetengwa hukosa wa kumsaidia kulima, kuzika na hata kumjulia hali.

Mpangilio wa makazi nao ulichangia, kwani uhamishaji wa watu kwenda vijijini katika miaka ya 1970 ulizisogeza karibu nyumba zilizokuwa zimetawanyika, na mfumo wa mabalozi wa nyumba kumi, ulioanzishwa na chama cha TANU katika miaka ya 1960, ulikuwa umekwisha kuwazoesha watu kumjua mgeni aliyelala kwa jirani.

Nguvu hiyohiyo ilizaa madhara ambayo hayafai kufichwa. Baadhi ya vikundi viliwatesa watuhumiwa ili wakiri, na vingine viliwaandama wanawake wazee kwa tuhuma za uchawi, hata wengine wakapoteza maisha bila kuwa wamemwibia mtu yeyote. Mwaka 1989 Bunge lilirekebisha sheria za mgambo na kuwapa sungusungu mamlaka ya kukamata yanayofanana na ya askari polisi wa kawaida, lakini halikuwapa mamlaka ya kuhukumu, na Ibara ya 13 ya Katiba ya 1977 inakataza mshitakiwa kutendewa kama mkosaji kabla hatia yake haijathibitishwa. Kwa hiyo mtu aliyekamatwa anapaswa kufikishwa polisi akiwa hai na bila kucheleweshwa, na kijiji kinachomchoma moto kinatenda kosa la mauaji, mbali ya kupoteza mtu ambaye angeweza kueleza mali nyingine zilipelekwa wapi na nani alizinunua. Kinga iliyo bora dhidi ya uonevu huo ni mkutano mkuu wa kijiji, ambao ni kikao cha wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na zaidi, pale unapowachagua walinzi kwa majina, unapopitisha zamu hadharani na kudai hesabu ya kila faini na mchango, kwa sababu kikundi kisichotoa hesabu kwa mtu yeyote huweza kugeuka kuwa tishio kwa watu kinaowalinda.

Doria ya usiku, hata iliyo imara, haitoshi. Msimu wa kilimo unapoanza, kaya nzima huweza kushinda shambani, na siku ya mnada au ya msiba mkubwa kitongoji kizima huweza kubaki na watoto na wazee tu, wakati ambapo kuvunja kufuli au kutoboa ukuta wa udongo hakuhitaji giza. Ndiyo maana zamu ya mchana, ambayo vijiji vingi haviipangi, inastahili uzito uleule wa zamu ya usiku, na wazee wanaobaki nyumbani, ambao huyatambua magari, pikipiki na sura ngeni mapema kuliko kijana yeyote, wanastahili kupewa filimbi na namba za simu za makamanda.

Mali iliyoibwa, zaidi ya hayo, hutafuta mnunuzi. Kwa ng'ombe kijiji kina nyenzo za zamani, kwani mnyama hupigwa chapa na muuzaji mnadani hudaiwa barua ya mtendaji wa kijiji inayothibitisha umiliki, lakini paneli za sola, betri, simu na baiskeli hubadilisha mikono bila karatasi yoyote, na mwenyewe anapoikuta mali yake kwa fundi wa mji wa jirani hukosa la kuonyesha. Balozi anayeweka daftari la namba za vifaa vya kaya zake, na mwenye nyumba anayechora alama yake nyuma ya paneli kabla hajaipandisha juu ya bati, humpa askari kitu cha kushika mkononi pale muuzaji anapodai kwamba mali ni yake.