Gari ya zamani, njia ndefu: ufundi wa Safari Classic haukosekane Butembo na Beni

Mwaka wa 1965, Joginder Singh na ndugu yake Jaswant, wakaaji wa Kenya, waliingia katika mashindano ya East African Safari na Volvo PV544 ya okazio. Gari hiyo ilikuwa imekwisha kuteswa katika mashindano mengine kabla ya kufika mikononi mwao. Joginder alikuwa fundi wa magari kabla ya kuwa na jina, na wengi kati ya wapinzani wake walikuwa na magari mapya na viwanda vikubwa nyuma yao. Ni ile Volvo ya okazio iliyoshinda.

Habari hiyo haiwezi kumshangaza sana mtu wa Butembo. Hapa karibu kila gari inafika ikiwa imekwisha kutembea kwingine: Japani, Ulaya ao Dubai. Inashushwa kwa bandari ya Mombasa, inavuka Kenya na Uganda, inaingia Congo kwa mpaka wa Kasindi, kisha inaanza maisha yake ya pili kwa barabara ambayo waliyoiunda hawakuifikiria hata siku moja. Dereva anayeipokea anajua kwamba hakuna garanti. Atakayoiharibu, atapashwa kuitengeneza yeye mwenyewe, na pengine porini, mvua ikinyesha.

Tangu mwaka wa 2003 kuna mashindano yanayorudisha barabarani magari ya wakati wa Joginder. Yanaitwa East African Safari Classic Rally. Yalianzishwa wakati Safari ya kwanza ilitimiza miaka 50. Ile ya kwanza ilifanyika mwishoni mwa mwezi wa tano 1953, kwa kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza, na ilizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. Safari Classic inakubali magari ya zamani tu, yenye kuendeshwa na magurudumu mawili, si manne: Porsche 911, Ford Escort, Datsun na mengine ya kizazi hicho. Kwa siku karibu kumi yanatembea maelfu ya kilomita katika Kenya na, mara nyingi, Tanzania pia. Mara nyingi yanaanzia ao kumalizikia upande wa pwani, karibu na Mombasa ile ile ambako wafanyabiashara wa Butembo wanangojea makontena yao.

Ni mchezo wa watu wenye pesa, na hakuna sababu ya kulificha jambo hilo. Porsche 911 ya miaka ya 1970 ni gari ambayo wengine wanaiweka ndani ya nyumba na kuipangusa kwa kitambaa laini. Kuichukua na kuipitisha juu ya mawe ya Tsavo, ndani ya mito na vumbi yenye kuficha njia, kunaonekana kama wazimu. Lakini wanaoifanya kazi hiyo wana hoja moja ambayo kila fundi wa Beni ataielewa mara moja: gari ya zamani inatengenezeka. Hakuna kompyuta inayozima motere bila kusema sababu. Kama motere imekataa, ni mafuta, ni moto wa plagi ao ni hewa, na mtu mwenye funguo na subira atalipata kosa.

Kwa wasomaji wa hapa, jina lenye kugusa zaidi katika historia hiyo pengine si Porsche. Ni Peugeot. Peugeot 404 ilishinda Safari mwaka wa 1963, ikashinda tena 1966, 1967 na 1968. Peugeot 504 ilishinda 1975 na 1978. Magari hayo hayo, kwa sura ya kawaida, yalibeba abiria, mbuzi, magunia ya maharagi na maiti za jamaa kwa karibu kila barabara ya udongo ya Afrika. Kiwanda hakikuhitaji kuelezea wanunuzi kwamba 404 ni ngumu. Watu waliona matokeo ya Safari, kisha waliona jirani yao anapita nayo kila siku ya soko.

Mtu anaweza kufikiri kwamba mashindano kama hayo yanashindwa na mwenye kukimbia kuliko wote. Hesabu zinasema kingine. Mwaka wa 1963 magari 84 yalianza na 7 tu ndiyo yalifika mwisho. Mwaka wa 1968 yalianza 93, na tena 7 tu yakafika, kwa sababu ya mvua na matope. Mara zote mbili washindi walikuwa Nick Nowicki na Paddy Cliff, na mara zote mbili walikuwa ndani ya Peugeot 404. Mwaka wa 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda ambaye jamaa yake ilifukuzwa na Idi Amin pamoja na Waasia wengine, alimaliza na alama sawasawa na Harry Källström wa Uswidi. Ushindi alipewa Mehta kwa kuwa alikuwa ametembea mbali zaidi kabla ya kupoteza alama ya kwanza. Baadaye alishinda mara nne mfululizo, tangu 1979 hadi 1982. Hakuna dereva mwingine aliyeshinda Safari mara tano.

Kuihurumia gari ndio siri. Björn Waldegård, Mswidi aliyekuwa bingwa wa kwanza wa dunia wa madereva wa rali mwaka wa 1979, alishinda Safari mara nne. Mwaka wa 2011, akikaribia kutimiza miaka 70, alishinda Safari Classic ndani ya Porsche 911, mtoto wake Mathias akimsomea njia. Miaka minne baadaye mzee mwingine wa Uswidi, Stig Blomqvist, alishinda pia na Porsche 911. Vijana walikuwapo, wenye macho makali na mikono myepesi. Lakini mzee anasikia kelele ya resori kabla haijavunjika, na anajua shimo gani linapitwa kwa nguvu na shimo gani linaombwa ruhusa.

Ndani ya gari, kazi inagawanywa kwa watu wawili. Mmoja anashika usukani. Mwingine anashika kitabu cha njia, anahesabu kilomita na dakika, anasema wapi kuna kona, wapi kuna mto, wapi barabara inagawanyika. Sehemu fulani zinapimwa kwa saa, na hapo wanakimbia. Zingine ni za kuunganisha tu: gari ya mashindano inapita katikati ya malori, mapikipiki na watoto wanaotoka masomo, na inapashwa kuheshimu sheria kama gari nyingine yoyote. Jioni mafundi wanaingia chini ya gari. Wanabadilisha amortisere, wanakaza nati, wanachomelea vyuma vilivyopasuka, wanapuliza vumbi katika chujio la hewa. Saa zinahesabiwa, na asubuhi gari inapashwa kuwa tayari.

Kuna jambo moja la kifundi ambalo madereva wa Butembo wanalijua hata kama hawakulisoma popote. Motere yenye kabureta inapumua namna mbalimbali kulingana na urefu wa mahali. Gari iliyorekebishwa vizuri Mombasa, kando ya bahari, ikipanda kwenye milima ya Kenya, zaidi ya mita 2000, inaanza kutoa moshi mweusi na kukosa nguvu, kwa sababu hewa imepungua na mafuta yamebaki yale yale. Butembo iko juu ya mita 1700. Ukishuka Beni, kisha ukaenda kuvuka daraja la Semliki na kufika Kasindi, umeteremka mamia ya mita. Anayeendesha gari ya zamani kwa njia hiyo anasikia tofauti masikioni mwake na katika mguu wake. Watu wa Safari Classic wanalipa mafundi kutoka Ulaya kwa kazi ya namna hiyo.

Basi kwa nini magari hayo hayapiti huku? Kuanzia Nairobi hadi mpaka wa Mpondwe ni barabara inayojulikana, ambayo malori yanaitembea usiku na mchana. Uganda ina mashindano yake, Pearl of Africa, na Rwanda ina Mountain Gorilla Rally. Butembo hadi Beni ni kilomita 54 tu, Beni hadi Kasindi karibu 80. Kwa gari ya mashindano, hayo ni mapito ya asubuhi moja.

Ubaya wa barabara hauwezi kuwa sababu, maana ni ubaya wa barabara ndio uliipa Safari jina. Tena barabara hizo mbili zimo ndani ya mapatano ya Congo na Uganda ya kutengeneza kilomita 223, pamoja na ile ya Bunagana, Rutshuru na Goma. Kazi zilianzishwa rasmi mwezi wa kumi na mbili 2021, na kampuni ya Dott Services ndiyo ilipewa soko hilo. Mpenzi wa rali angeweza hata kuogopa kwamba lami itamharibia mchezo. Hakuna mkaaji wa Maboya ao Kabasha atakayemuunga mkono.

Sababu ni vita. Kaskazini mwa Beni, kupitia Oicha, Eringeti na Luna kuelekea Komanda, kuna wakati magari yalitembea tu kwa msafara wenye kusindikizwa na jeshi, na hata msafara ulishambuliwa, kama ilivyotokea mwezi wa kenda 2021. Njia ya Kasindi nayo imeona magari yakichomwa na wasafiri wakiuawa na waasi wa ADF. Kivu ya Kaskazini na Ituri ziliwekwa chini ya utawala wa kijeshi tangu mwezi wa tano mwaka huo. Kusini, baada ya Kanyabayonga kushikwa na M23 mwezi wa sita 2024, njia ya Butembo kwenda Goma, ambayo wazee waliitembea kwa siku moja, ikawa na mstari wa vita katikati. Kwa dereva wa hapa, swali la kwanza asubuhi si hali ya motere. Anapiga simu kwa wenzake waliotangulia na kuuliza: njia iko namna gani leo?

Magari ya wageni yalikwisha kuvuka Congo zamani, wakati njia zilikuwa mbaya kuliko leo. Tarehe 28 mwezi wa kumi 1924, magari nane ya Citroën yenye mikanda nyuma mahali pa magurudumu yalitoka Colomb-Béchar, Algeria, yakiongozwa na Georges-Marie Haardt na Louis Audouin-Dubreuil. Yalipitia Stanleyville, ndiyo Kisangani ya leo, yakapita kwa Wamangbetu kaskazini mashariki mwa nchi, yakafika Kampala na hapo yakagawanyika makundi manne, kila moja na njia yake kuelekea Bahari ya Hindi ao kusini. Walikutana tena Madagascar mwezi wa sita 1925. Kila gari ilikuwa na jina lake, ile ya Haardt ikiitwa Scarabée d'Or, na majina hayo bado yanatajwa katika vitabu. Majina ya watu waliofungua njia za Congo ya Wabelgiji kwa jembe na panga, wengi kwa kazi ya kulazimishwa, hayatajwi mahali popote.

Tofauti kubwa kati ya wakati ule na leo ni kwamba ufundi sasa uko huku. Garaji za Butembo zinafufua motere ambazo kwingine zingeuzwa kama vyuma vikuukuu. Piesi zinatoka Kampala, Dubai ao China, na isipopatikana, fundi anaichonga ao anaiazima kutoka gari ya namna nyingine. Dereva anajua kutembea upande wa kuume huku na upande wa kushoto mara tu anapovuka Kasindi, mara nyingi na gari yenye usukani upande usiofaa kwa nchi yake. Hiyo peke yake ni masomo ambayo madereva wengi wa Ulaya wanaokuja Mombasa wanayaanza wakiwa wamekwisha kuzeeka.

Safari Classic inapangwa kwa kawaida kila miaka miwili, karibu na mwisho wa mwaka, wakati mvua fupi za Kenya zinaweza kugeuza vumbi kuwa tope kwa saa moja. Ndio wakati pia ambapo malori yenye bidhaa za Noeli yanapanda kutoka Mombasa kuelekea Kasindi, Beni na Butembo.