Uholanzi: Mwaka wa Gharika

Uholanzi ni nchi ndogo ya Ulaya, iliyo kando ya Bahari ya Kaskazini. Yapata robo ya ardhi yake iko chini ya usawa wa bahari, nayo hulimwa na kulishwa ng'ombe kwa sababu tu imezungukwa na matuta makubwa yanayozuia maji. Tangu karne nyingi wenye mashamba wamekuwa na halmashauri zao za maji, nao huzilipia kodi ili matuta yatunzwe.

Lakini vita vilivyokwisha mwaka 1945 viliiacha nchi katika umaskini, na matuta mengi ya kusini-magharibi yalibaki mafupi na dhaifu. Mhandisi wa Serikali, Bwana Johan van Veen, aliwaonya wakubwa juu ya hatari hiyo. Hata hivyo kazi ya kuyainua ilikawia, maana fedha zilihitajiwa mahali pengine.

Usiku wa kuamkia Jumapili, tarehe 1 Februari, 1953, upepo mkali uliisukuma bahari wakati uleule wa bamvua. Onyo lilikuwa limetolewa jioni, lakini redio ilifungwa usiku wa manane kama ilivyokuwa desturi, na watu wengi walilala bila habari. Matuta yakavunjika mahali pengi. Wengine walipanda juu ya mapaa, wakakaa huko katika baridi kali wakingojea mashua. Waliokufa walikuwa watu 1,836, na wanyama wa kufugwa walikufa kwa maelfu.

Msiba ungaliweza kuwa mkubwa zaidi. Huko Nieuwerkerk aan den IJssel tuta lililokinga nchi yenye watu wengi sana lilianza kubomoka. Nahodha Arie Evegroen aliingiza jahazi lake katika tundu lile kama mtu azibavyo mtungi kwa kizibo, na maji yakazuilika.

Kulipokucha, Waholanzi hawakukaa kulia tu. Malkia Juliana alikwenda kuwaona waliopatwa, na askari na raia walijaza magunia ya mchanga pamoja. Tarehe 21 Februari Serikali iliweka Tume ya kutafuta njia ya kuzuia balaa kama hiyo isirudi.

Kuziba matundu hakukuwa kazi nyepesi, kwa kuwa kila maji yalipojaa na kupwa yaliyapanua. Lile la Ouwerkerk lilikuwa la mwisho. Lilizibwa usiku wa tarehe 6 Novemba, kwa masanduku makubwa mno ya saruji, ya namna iliyotengenezwa wakati wa vita kwa ajili ya bandari za majeshi huko Ufaransa. Basi miezi tisa ilipita kabla ya bahari kufungiwa nje kabisa. Hata hapo mkulima hakuweza kupanda kama zamani, kwa maana udongo ulikuwa umejaa chumvi. Ilimpasa kutia jasi na kungoja mvua ioshe shamba lake.

Mwaka 1958 Bunge lilipitisha sheria ya kufunga milango ya bahari, na lango kubwa la mwisho la mpango huo lilifunguliwa mwaka 1997. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Waholanzi waliuona ufa mapema, wakakawia. Kisha wakajenga ukuta kwa zaidi ya miaka 40.