Kufunga Kamba za Viatu

Mtoto wa darasa la kwanza ambaye kamba za viatu vyake hufunguka kila mara huitwa mzembe, nasi humshauri mzazi anunue viatu vya bizimu au vya kubandika. Ushauri huo si mbaya. Mwalimu mwenye watoto 50 hana nafasi ya kuwafunga viatu. Lakini kwanza tulitazame fundo. Vitanzi vikikingama juu ya kiatu, fundo ni imara. Vikielekea vidoleni na kisiginoni, mtoto amezungusha kamba upande uleule mara zote mbili (wengi wetu pia hukosea hivyo), nalo litalegea. Mara ya pili azungushe kinyume. Tumwoneshe tukiwa ubavuni pake, si mbele yake, asije akaiga mikono yetu kinyume.