Neno «serendipity» na mipaka ya «bahati»

Neno la Kiingereza «serendipity» lina mwasisi anayejulikana. Mwandishi Mwingereza Horace Walpole alilibuni katika barua ya tarehe 28 Januari 1754, akilitoa katika hekaya ya wana watatu wa mfalme wa Serendip, yaani Sri Lanka ya kale. Wana hao, alieleza, waligundua mambo wasiyoyatafuta, kwa sadfa na kwa werevu.

Sifa hizo mbili hazitengani. Kwa hiyo «bahati», tafsiri imjiayo mtu kwanza, haitoshi: mwenye bahati aweza kupata hata akiwa usingizini. «Kubahatisha» kuko mbali zaidi, kwani anayebahatisha anajua anachokitaka. Mwaka 1928, mjini London, Alexander Fleming alikuta kuvu katika kisahani cha bakteria. Kuvu kuingia humo ilikuwa sadfa tu. Kujiuliza kwa nini bakteria wa kandokando wametoweka kulihitaji werevu, na penisilini ikajulikana.

«Ugunduzi wa sadfa» ni tafsiri bora, maana hakuna ugunduzi pasipo mgunduzi. Hata hivyo Waingereza wa leo hulitumia neno hilo kwa ulegevu, hata kwa rafiki aliyekutwa njiani. Hapo «sadfa njema» yatosha.